Yazoo: Nafasi Kati ya Noti

Yazoo lilikuwa kundi la watu wawili, Vince Clarke na Alison Moyet, wote wa Basildon, mji ulioko Essex, mashariki ya London. Lilianza mwishoni mwa 1981 na kuvunjika katikati ya 1983. Katika muda huo wa takriban mwaka mmoja na nusu lilitoa santuri ndogo nne na albamu mbili nchini Uingereza. Albamu ya kwanza ilifika nafasi ya 2 kwenye chati. Ya pili ilishika nafasi ya 1, lakini wakati huo wenyewe walikuwa wamekwisha kuachana na kila mmoja ameshika njia yake. Makundi mengi ya zama zile yalidumu zaidi na kuuza rekodi nyingi zaidi. Ni machache yaliyoacha nyimbo ambazo zikipigwa leo bado zinasimama zenyewe, bila kuhitaji msikilizaji azivumilie kwa sababu ya umri wake.

Basildon ulitangazwa na serikali kuwa mji mpya mwaka 1949, ili kuzipa makazi familia za London ya Mashariki zilizobanana katika nyumba mbovu au zilizobomolewa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Watoto waliokulia huko miaka ya 1960 na 1970 walikuta nyumba za safu, viwanda na maduka, na mahali pachache mno pa kujifurahishia. Muziki ulikuwa miongoni mwa mambo ambayo kijana angeweza kujitengenezea mwenyewe bila kumsubiri mtu. Clarke, aliyezaliwa 1960, alianza na gitaa. Akiwa na Andy Fletcher na Martin Gore, na baadaye mwimbaji Dave Gahan, aliunda kundi ambalo mwaka 1980 lilikuja kuitwa Depeche Mode. Vijana hao waliweka gitaa kando wakashika sinthesaiza.

Ala hiyo huzalisha sauti kwa umeme mtupu, bila uzi wa kukwaruzwa, ngozi ya kupigwa wala pumzi ya kupulizwa. Hadi katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa mali ya vyuo, studio kubwa na wanamuziki matajiri. Mwisho wa muongo huo kampuni za Japani na Marekani zilikuwa zinauza sinthesaiza ndogo ambazo kijana mwenye kazi ya kawaida angeweza kudunduliza na kuzinunua. Matokeo yake yalionekana haraka. Mwaka 1979 Gary Numan alifika kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wimbo uliojengwa juu ya ala hizo, na mwaka 1981 Soft Cell na Human League walifika palepale. Si kila mtu alifurahi. Mwaka 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zizuiwe, kwa hofu kwamba wapiga fidla na tarumbeta wangekosa kazi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wa haki, maana watu waliokuwa wakiishi kwa kupiga ala studio waliona mkate wao ukiondoka. Hata hivyo, mwaka huohuo ndio uliotoa rekodi ambayo pengine ilionyesha wazi kuliko nyingine zote kwamba mashine inaweza kumwachia binadamu nafasi badala ya kumpokonya.

Depeche Mode walikuwa chini ya Mute Records, kampuni ndogo iliyoanzishwa London mwaka 1978 na Daniel Miller, mtu aliyerekodi mwenyewe santuri yake ya kwanza kwa jina la The Normal. Albamu yao ya kwanza, Speak & Spell, ilitoka mwishoni mwa 1981 ikafika nafasi ya 10. Kati ya nyimbo 11 zilizomo, Clarke alitunga 9, pamoja na ule uliowajulisha kwa watu wengi, Just Can't Get Enough. Kabla mwaka haujaisha alitangaza kuondoka. Hakupenda mahojiano, hakupenda kupigwa picha, na safari za maonyesho zilimchosha; alichokitaka ni kukaa studio na kutengeneza nyimbo. Kwa mtu wa miaka 21 kuacha kundi lililokuwa likipanda kwa kasi, akiwa yeye ndiye mtunzi wake mkuu, ulikuwa uamuzi ambao wengi waliuona kama kutupa bahati. Pia aliondoka bila mwimbaji, na yeye mwenyewe hakuwa na sauti ya kumtosha.

Alison Moyet alizaliwa 1961 Billericay, mji jirani, kwa baba Mfaransa na mama Mwingereza, na akakulia Basildon. Darasani alikuwa pamoja na Fletcher na Gore. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi dukani, akajifunza ufundi wa kurekebisha sauti za piano, na usiku akaimba katika bendi za panki na bluzi zilizokuwa zikipiga kwenye mabaa ya Essex. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, yenye mkwaruzo, sauti iliyofunzwa na rekodi za waimbaji weusi wa Marekani zaidi ya kitu chochote kilichokuwa redioni wakati ule. Alipoweka tangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker alikuwa anatafuta wapigaji wa bluzi. Aliyepiga simu alikuwa Clarke, aliyekuwa na wimbo mmoja, Only You, na alihitaji mtu wa kuuimba kwenye rekodi ya majaribio ili aipeleke Mute.

Hapakuwa na urafiki wa zamani kati yao wala mpango wa muda mrefu. Walifahamiana kwa sura, kama watu wa mji mmoja wanavyofahamiana. Hata jina la kundi lilitoka upande wa Moyet na muziki wake: Yazoo ni mto wa jimbo la Mississippi, na pia ni jina la kampuni ndogo ya Marekani iliyokuwa ikitoa upya rekodi kongwe za bluzi. Baadaye jina hilo lilileta mgogoro wa kisheria, na Marekani ya Kaskazini kundi likalazimika kujulikana kwa silabi moja tu, Yaz. Only You ilitoka Machi 1982, na kufikia Mei ilikuwa nafasi ya 2. Jaribio la sauti likawa kundi kabla wenye kundi hawajapata muda wa kuulizana kama wanalitaka.

Ili kuelewa nini hasa kilitokea katika wimbo ule na katika nyimbo zilizofuata, lazima kuangalia vyombo. Clarke alifanya kazi zaidi na sinthesaiza zinazotoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama ARP 2600 na Pro-One, zote za Marekani. Ukibonyeza vitufe vitatu pamoja, husikii noti tatu, unasikia moja. Mpiga piano angeliona hilo kuwa kasoro kubwa, maana piano humwezesha kujaza nyuma ya mwimbaji kwa mafungu ya noti zinazolia kwa pamoja. Clarke aliligeuza kuwa utaratibu wake wa kutunga. Alitengeneza mstari mmoja wa noti, kisha wa pili uliopita katika mianya ya wa kwanza, kisha wa tatu, na besi chini yake, hadi mistari hiyo myembamba-myembamba ikashikana kama miyaa katika ukili: kila jani linaonekana, na bado kitu kizima ni kimoja. Sikio linapata hisia ya mafungu ya noti yaliyojaa, ingawa hakuna mkono uliowahi kuyapiga.

Iliyoziendesha ala hizo ilikuwa mashine nyingine, Roland MC-4, sikwensa ya Kijapani iliyotoka 1981. Haikuwa na vitufe vya piano bali vya namba, kama vya kikokotoo. Kila noti iliandikwa kwa tarakimu: moja ya kueleza ni noti gani, nyingine ya muda hadi noti inayofuata, nyingine ya kiasi gani cha muda huo noti ilie kabla ya kukatwa. Kazi ikikamilika ilihifadhiwa kwenye kaseti. Mfumo wa MIDI, ambao baadaye ungeziwezesha ala za kampuni mbalimbali kuongea lugha moja, ulianza kuenea 1983. Mtu wa 1982 aliunganisha waya kwa waya na kuhesabu. Kutunga namna hiyo kulidai uvumilivu, na kulikuwa na faida yake. Tarakimu ya tatu, ile ya kukata noti, ndiyo siri ya mdundo wa Yazoo. Noti za Clarke hazijikokoti. Zinalia kifupi, zinakoma, na baada ya kila moja panabaki kimya kidogo kilichopimwa.

Katika kimya hicho ndimo Moyet alimoimba. Mara nyingi Yazoo huelezwa kuwa mkutano wa sauti yenye joto na mashine zenye baridi, na maelezo hayo yamerudiwa miaka 40 hadi yamekuwa mazoea. Hayatoshi, na yanamdhulumu Clarke. Mashine zake si baridi: zinaimba, zina miondoko ya nyimbo za watoto na za kanisani, na katika Only You mstari wa kinanda unaanza kuhuzunika kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Tofauti kubwa kati ya wawili hao imo katika namna wanavyoutumia muda. Mashine inafika pale pale ilipoagizwa, kila mara. Moyet anafika kabla kidogo, au anachelewa makusudi, anavuta neno hadi ukingoni mwa mdundo na kuliachia. Bendi ya watu ingemfuata. Mpiga ngoma angepunguza mwendo, mpiga gitaa angejibu. Mashine haikumfuata, na kwa sababu hiyo kila hatua yake ya kujitenga na mdundo inasikika wazi. Mwimbaji wa bluzi hapati mara nyingi ukuta ulionyooka kiasi hicho wa kuegemea.

Sikiliza pia kile ambacho hakimo. Hakuna matoazi yanayomwagika, hakuna sauti za waitikiaji kumi, mwangwi ni kidogo. Rekodi nyingi za miaka iliyofuata zilipakwa mwangwi na kujazwa kila pembe, na zimezeeka kwa mapambo hayo.

Albamu ya kwanza, Upstairs at Eric's, ilitoka Agosti 1982. Eric wa jina hilo ni Eric Radcliffe, mhandisi wa sauti na mwenye studio ya Blackwing, iliyokuwa ndani ya kanisa lililoacha kutumika kwa ibada, kusini ya mto Thames jijini London. Studio ilikuwa imeshikwa na msanii mwingine wa Mute, Fad Gadget, kwa hiyo Yazoo walirekodi sehemu kubwa ya kazi alfajiri na asubuhi, kabla mwenye zamu hajafika. Jalada lake lina sanamu mbili za kuonyeshea nguo madukani, zilizokatwa viungo na kuketishwa mezani zikitazamana. Ni picha inayokaa akilini, na ilisema kuhusu kundi hilo zaidi ya wenyewe walivyosema kwenye mahojiano.

Si albamu iliyolingana kote. Don't Go, uliokuwa umefika nafasi ya 3 mwezi Julai, unaifungua kwa mstari mfupi wa kinanda ambao vijana wa disko walijifunza kuutambua kwa sekunde moja. Katikati yake kuna mchezo wa sauti za watu zilizokatwakatwa na kupandanishwa, I Before E Except After C, ambao wasikilizaji wengi huuruka. Baadhi ya matoleo ya Marekani yaliuacha nje. In My Room unachanganya wimbo na sala ya Baba Yetu inayosomwa nyuma yake. Hayo ni majaribio ya mtu anayefurahia vifaa vyake, na thamani yake kubwa iko katika ujasiri wa kuyathubutu. Nyimbo za Moyet mwenyewe ndizo zinazostahili kusikilizwa upya. Midnight ni bluzi kamili iliyovikwa nguo za umeme. Winter Kills ni polepole, yenye piano na upepo wa mashine, na ndani yake mwimbaji wa miaka ishirini hivi anaimba kama mtu aliyekwisha kupoteza mengi. Wengi wanaomkumbuka Clarke kuwa mtunzi na Moyet kuwa sauti tu hawajasoma majina yaliyoandikwa chini ya nyimbo. Kwenye albamu ya pili mgawanyo wa utunzi ulikuwa karibu nusu kwa nusu.

Kwenye upande wa pili wa santuri ya Only You uliwekwa wimbo wa kasi ulioitwa Situation, kazi ya pamoja ya wawili hao. Nchini Uingereza ulikuwa nyongeza. Marekani ukawa jambo kubwa. François Kevorkian, dijei Mfaransa aliyehamia New York, aliutengeneza upya kwa ajili ya klabu, akarefusha midundo na kuiacha besi itembee peke yake, na mwaka 1982 ukashika nafasi ya 1 katika chati ya Billboard ya muziki wa kuchezwa. Waliouinua walikuwa wachezaji wa klabu za New York, wengi wao weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu waliokuwa wameambiwa miaka michache kabla kwamba disko imekufa. Kwao rekodi ya vijana wawili wa Essex haikuwa kitu kigeni. Sauti waliyoisikia ilikuwa imejifunza kuimba kutoka kwa watu wao, na mdundo ulikuwa ndugu wa ule ambao Giorgio Moroder na Donna Summer waliufungulia njia 1977. Muziki ulikuwa umevuka bahari, ukaishi chumbani kwa msichana wa Basildon, na sasa ulikuwa umerudi ukiwa na mashine. Katika klabu kama hizo, na za Chicago na Detroit, kizazi kilichofuata cha mafundi wa hausi na tekno kilijifunza nini kinaweza kufanywa kwa besi moja ya sinthesaiza na nafasi ya kutosha kuizunguka.

Nyumbani, mambo yalienda mbio. Santuri ya tatu, The Other Side of Love, ilifika nafasi ya 13 Novemba 1982, na yenyewe haina uzito wa zile mbili za kwanza. Mapema 1983 walipewa tuzo ya Brit ya wasanii wapya wa Uingereza. Kwa nje lilionekana kundi lililoanza safari ndefu.

Ndani, wawili hao walikuwa hawaongei. Hapakuwa na ugomvi wa fedha wala kashfa. Kwa maelezo ambayo wote wawili wamekuja kuyatoa, hawakuwahi kufahamiana kikweli. Clarke alikuwa mtu mkimya, aliyetoka katika kundi la marafiki wa utotoni na hakutaka kuingia tena katika ukaribu wa namna hiyo. Moyet alikuwa mwepesi wa hisia na maneno, na aliutafsiri ukimya wa mwenzake kuwa kutopendwa. Alikuwa pia amerushwa ghafla mbele ya magazeti ambayo yalizungumzia umbo lake mara nyingi kuliko uimbaji wake, bila mwenzake wa karibu wa kushirikiana naye mzigo huo. Mafanikio yaliwafikia kabla ya mazoea. Bendi nyingi hupitia miaka ya kulala ndani ya gari moja na kugombana kwa mambo madogo, na katika miaka hiyo hujifunza namna ya kupatana. Yazoo haikuipata miaka hiyo.

Baada ya albamu ya kwanza Clarke alikuwa ameshaamua kuondoka. Alishawishiwa kurekodi moja zaidi. You and Me Both ilitengenezwa katika chumba kilekile cha Blackwing na watu waliokuwa wakikwepana. Clarke alikuja kwa zamu yake akaweka mashine, Moyet akaja kwa zamu yake akaweka sauti. Wimbo mmoja, Happy People, Moyet alikataa kuuimba, na Clarke, ambaye hakujiona mwimbaji, akaufanya mwenyewe. Jaladani waliwekwa mbwa wawili weupe wenye madoa meusi wakikabiliana kwa meno. Kuachana kulitangazwa mwezi Mei 1983, wakati santuri ya mwisho, Nobody's Diary, ilipokuwa inatoka. Moyet alikuwa ameitunga akiwa na miaka 16. Ilifika nafasi ya 3. Albamu yenyewe ilitoka Julai na kwenda moja kwa moja hadi nafasi ya 1, bila ziara wala onyesho hata moja la kuipigia debe.

Inasemekana mara kwa mara kwamba albamu hiyo ni dhaifu kuliko ya kwanza, na kwa upande wa ujasiri ni kweli. Lakini ina kitu ambacho ya kwanza haina. Mr Blue, utunzi wa Clarke, na Ode to Boy, utunzi wa Moyet, ni nyimbo za watu wawili wanaoeleza upweke kutoka vyumba tofauti vya nyumba moja, na mpangilio wa zamu za studio unasikika ndani yake. Mashine zimepunguzwa hata zaidi. Sauti imesogea mbele, na haina mtu wa kuitikia. Moyet hakuuacha Ode to Boy. Aliurekodi upya miaka ya 1990 kwenye albamu yake Essex, dalili kwamba aliuona kuwa mali yake na kazi ambayo haikuwa imekwisha.

Kilichofuata kwa kila mmoja kinajulikana zaidi kuliko Yazoo yenyewe. Clarke alishirikiana na Radcliffe kwa jina la The Assembly na kutoa santuri moja, Never Never, iliyoimbwa na Feargal Sharkey na kufika nafasi ya 4 mwishoni mwa 1983. Mwaka 1985 aliweka tangazo katika Melody Maker kutafuta mwimbaji. Aliyempata, Andy Bell, alikuwa shabiki wa Yazoo aliyejifunza kuimba akimwiga Moyet, na katika rekodi za awali za kundi lao, Erasure, mfanano huo unasikika bila kificho. Erasure imedumu miongo, na Bell alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa pop wa Uingereza kuishi hadharani kama shoga tangu mwanzo wa kazi yake. Kwa maana hiyo umbo la Yazoo, mtunzi mkimya nyuma ya mashine na mwimbaji mwenye moyo wazi mbele yake, liliendelea. Safari hii Clarke alikuwa amempata mtu wa kuzoeana naye.

Moyet alitia saini na kampuni kubwa na mwaka 1984 akatoa Alf, kwa jina lake la utani. Albamu ilishika nafasi ya 1. Mwaka uliofuata aliimba That Ole Devil Called Love, wimbo ambao Billie Holiday aliurekodi miaka ya 1940, na ukafika nafasi ya 2. Umaarufu huo ulimpa fedha na kumnyima uhuru: kwa miaka mingi waliomsimamia walitaka awe mwimbaji wa nyimbo za mapenzi zilizosafishwa, na mgogoro wake na kampuni ulimzuia kutoa albamu mpya kwa muda mrefu, hadi Hometime ya 2002.

Nyimbo zenyewe zilikuwa zimeanza maisha bila waimbaji wake. Desemba 1983 The Flying Pickets, kikundi cha waigizaji waliokuwa wamefanya kazi na kampuni ya maigizo ya mrengo wa kushoto iitwayo 7:84, waliimba Only You kwa midomo mitupu, bila ala yoyote. Ilishika nafasi ya 1 wakati wa Krismasi na kukaa hapo majuma matano, jambo ambalo wenyewe Yazoo hawakulipata kwa santuri yoyote. Kuna somo la utunzi katika toleo hilo. Mistari ya Clarke ilipoondolewa kwenye mashine na kugawiwa watu sita, kila mtu akapata mstari wake unaoimbika, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mistari ya noti mojamoja. Muziki ambao wapinzani wake waliuita wa mashine uliingia kinywani mwa binadamu bila kupungukiwa. Mwaka 1997 Enrique Iglesias aliuimba kwa Kihispania. Mwaka 2003 toleo la asili lilichaguliwa kwa tukio la kilele cha mapenzi ya wahusika Tim na Dawn katika kipindi maalumu cha Krismasi cha The Office, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Uingereza, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa 1982 kikakutana nao hapo.

Cheko moja la Moyet lilisafiri mbali zaidi kuliko wimbo wowote. Mwanzoni mwa Situation anacheka, kifupi na kwa nguvu, na cheko hilo likachukuliwa na madijei na kupachikwa katika rekodi nyingi. Limo katika toleo la Bayside Boys la Macarena ya Los del Río, lililokaa majuma 14 nafasi ya 1 nchini Marekani mwaka 1996. Mamilioni waliocheza ngoma hiyo wamemsikia Alison Moyet bila kujua jina lake.

Miongoni mwa wanamuziki, jina la kundi lilibaki kuwa kipimo. LCD Soundsystem wa New York walipotoa Losing My Edge mwaka 2002, wimbo unaotaja rundo la rekodi ambazo mtu mjuzi anapaswa kuzijua, Yaz walikuwamo. Upstairs at Eric's ilikuwa imekwisha kupata hadhi ya platinamu Marekani, nchi ambayo santuri zake hazikuwahi kukaribia kumi bora za chati kuu. Iliuzwa taratibu, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwa msikilizaji mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwaka 2008, miaka 25 baada ya kuachana, Clarke na Moyet walirudi jukwaani kwa ziara ya Ulaya na Marekani. Bell alikuwa ametaka mapumziko, na Moyet kwa miaka mingi alikuwa na hamu ya jambo moja: kuimba mbele ya watu nyimbo za You and Me Both, ambazo kundi halikuwahi kuzifanyia ziara. Maonyesho hayo yalitolewa kama albamu mwaka 2010, na ndani yake sauti ya Moyet imezama chini zaidi na kupata ukomavu ambao ya ujana haikuwa nao, huku mashine za Clarke zikiwa zimejengwa upya karibu sana na zilivyokuwa. Mei 2011 waliimba tena kwa muda mfupi ukumbini Roundhouse, London, katika tamasha la Mute. Mwaka 2012 Clarke alitoa albamu ya tekno na Martin Gore, mwenzake wa Depeche Mode, kwa jina la VCMG, yenye mistari ileile mikavu isiyo na mwimbaji kabisa. Moyet naye, kwa kushirikiana na mtayarishaji Guy Sigsworth, alitoa The Minutes mwaka 2013. Ndani yake aliziacha nyimbo laini alizokuwa akitarajiwa kuziimba akarudi kwenye sinthesaiza, na albamu ikaingia katika tano bora za Uingereza.